Kuwashwa, Kuwaka na Kuzimika: Makontena ya Mfumo Yajiendeshapo

Neno kontena halihitaji fasiri Mai Mahiu. Tangu reli ya kisasa kutoka Nairobi ilipozinduliwa hadi eneo hilo mwaka wa 2019, na bandari ya nchi kavu ya Naivasha kuanza kupokea shehena, masanduku hayo ya chuma yamekuwa sehemu ya mandhari ya mji. Makala haya yanahusu kontena la aina ya pili, lisiloonekana kwa macho, ambalo laweza kutunza stakabadhi za lile la kwanza.

Kontena la mfumo ni sehemu ya tarakilishi iliyotengwa ili ijiendeshe kana kwamba ni tarakilishi kamili. Lina watumiaji wake, anwani yake ya mtandao na huduma zake. Lisilokuwa nalo ni kiini cha mfumo endeshi, kwa maana kiini kimoja cha seva hutumiwa kwa ushirika na makontena yote yaliyomo. Msingi wake katika Linux uliwekwa na LXC kuanzia mwaka wa 2008. Baadaye ikaja LXD na, tangu 2023, Incus. Kontena la programu, kama lile la Docker, ni jingine: hilo aghalabu hubeba kazi moja tu.

Tuseme ofisi ya wakala wa forodha mjini humo ina seva moja yenye makontena matatu: hifadhidata, programu ya stakabadhi inayoitegemea hifadhidata hiyo, na lango linalopokea maombi ya wateja kutoka intaneti. Fundi anaishi Nakuru. Umeme ukikatika usiku wa manane na kurudi alfajiri, ni nani atakayeyawasha makontena hayo kabla madereva hawajaanza kuulizia karatasi zao? Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikaa gizani kwa saa nyingi, na hali ikajirudia tarehe 10 Desemba mwaka uo huo. Ajabu ni kwamba laini ya kilovolti 400 iletayo umeme wa upepo kutoka Loiyangalani hukomea Suswa, jirani na Mai Mahiu. Kukaa karibu na nyaya kubwa hakumkingi mtu na giza. Gridi iliyoanguka hurejeshwa hatua kwa hatua, kituo baada ya kituo na eneo baada ya eneo, kwani mzigo wote ukirudishwa kwa pamoja huangusha tena kile kilichokwisha kusimama. Seva ndogo ya wakala inakabiliwa na tatizo lilo hilo.

Katika suala hili minyambuliko ya vitenzi vya Kiswahili inafaa kuliko inavyodhaniwa. Kuna waka, washa na washwa. (Kuwashwa kuna maana ya ngozi pia, na wafasiri wa programu hawana budi kuvumilia kicheko.) Kontena lililowashwa limepewa amri tu. Kontena lililowaka limeanza kazi zake za ndani. Wala kuwaka si kuwa tayari: hifadhidata yaweza kuwaka ikatumia nusu dakika au zaidi kujikagua kabla ya kujibu swali lolote. Programu ya stakabadhi ikiuliza katika muda huo hukosa jibu, na huenda ikajifunga. Mwongozo unaosema "limeanza" kwa hali zote tatu unamficha msomaji chanzo cha matatizo mengi.

LXD na Incus hushughulikia jambo hili kwa vipengele vichache ambavyo huandikwa vilivyo, bila kutafsiriwa. Cha kwanza ni boot.autostart. Kikiwekwa ndiyo, kontena huwaka kila seva inapowaka. Kikiachwa bila thamani, kontena hurudi katika hali lililokuwa nayo mara ya mwisho. Wengi hukimbilia ndiyo, lakini kwa ofisi kama hii kukiacha wazi mara nyingi ni busara zaidi. Fundi aliyezima nakala ya zamani ya hifadhidata kwa makusudi hataki kuikuta imefufuka baada ya umeme kurudi, ikigombea anwani na ile mpya.

Cha pili, boot.autostart.priority, hupanga zamu: mwenye namba kubwa hutangulia. Hifadhidata ipewe 100, programu 50, lango 10. Cha tatu, boot.autostart.delay, ndicho kinachokosewa sana, kwa kuwa sekunde zake huhesabiwa baada ya kontena lenyewe kuwashwa na kabla ya linalofuata. Subira basi huandikwa kwenye hifadhidata inayosubiriwa, si kwenye programu inayosubiri.

Kuzima kuna kanuni yake, na hapo ndipo rekodi hupotea. Kontena lililozimwa limeambiwa limalize kazi, likaandika yaliyobaki kwenye diski, likafunga. LXC kwa kawaida hupeleka ishara iitwayo SIGPWR, ambayo asili yake ni taarifa ya hitilafu ya umeme. Kontena lililozimika limekatwa katikati ya sentensi. Zamu ya kuzima huwekwa kwa boot.stop.priority, na hapa pia namba kubwa hutangulia. Kwa hiyo mpangilio hugeuzwa, lango likapewa kubwa na hifadhidata ndogo. Anayenakili namba za kuwasha huizima hifadhidata wakati programu bado inaiandikia. Muda wa kusubiri, boot.host_shutdown_timeout, ni sekunde 30 usipobadilishwa. Ukipita, kontena hukatwa kwa nguvu. Hifadhidata yenye kazi nyingi yafaa ipewe 120.

Jumla ya muda huo, 30 na 30 na 120, ni dakika tatu, na sharti betri ya akiba iweze kuzibeba na kubakiza. Betri nayo iunganishwe na seva kwa waya wa taarifa, la sivyo seva haitajua kwamba umeme umekatika hadi yenyewe izimike. Aidha mashine yenyewe iamriwe, katika mipangilio isomwayo kabla ya mfumo endeshi, kuwaka umeme unaporudi. Kuna mtego mmoja: umeme ukirudi baada ya seva kujizima lakini kabla ya betri kuisha, mashine haioni kwamba umeme uliwahi kukosekana, nayo hubaki kimya. Dawa yake ni kuiagiza betri, kwa programu kama Network UPS Tools, ikate umeme wake kwa muda mfupi baada ya seva kujizima kisha iurudishe. Hili hupimwa kwa kuchomoa waya ukutani, jioni, baada ya stakabadhi ya mwisho kutolewa na nakala ya akiba kuhifadhiwa, fundi akiwa amesimama kando ya seva na saa mkononi.