Kuotesha mtama nyumbani kwa ajili ya uji wa wadogo wetu

Hapa Lac Vert wengi tunakaa juu ya mawe ya volkano. Ukipiga jembe, linalia. Lakini iko kazi moja ya kuotesha mbegu ambayo haiombi udongo hata kidogo, nayo ni kutengeneza kimea. Kimea ni mtama, ao ulezi, uliooteshwa siku chache, ukaanikwa na kusagwa.

Faida yake ni nini? Angalieni uji wanaopewa wadogo wetu. Mara nyingi ni mwepesi kama maji, kwa kuwa mama anaogopa kwamba ukiwa mzito mtoto hataumeza. Tumbo la mtoto wa miezi 8 ni dogo kama kikombe. Linajaa maji, mtoto ananyamaza, mama anasema ameshiba. Kumbe unga aliokula ni kidogo sana.

Kwa wale ambao hawajafika kwenye somo hilo la biolojia: mbegu ikianza kuota inatengeneza kitu kinachoitwa amilazi, kinachokatakata wanga ili mche upate chakula. Kitu kile kile kinalegeza uji. Basi mama anaweza kutia unga mara mbili, na uji bado unanyweka. Huko Tanzania wataalamu wa lishe walishughulika na kimea tangu miaka ya 1980. Na wazee wetu wanaotia unga wa mtama katika kasiksi wanajua nguvu yake siku nyingi. (Kosa si la mtama.)

Nunua mtama wa kula, kwa mfano Kituku ao soko la Virunga. Usichukue mbegu ya kupanda iliyotiwa dawa. Mara nyingi ina rangi nyekundu. Toa mawe na punje zilizovunjika, osha mpaka maji yawe safi, kisha loweka usiku mzima. Maji ya ziwa yachemshwe kwanza ao yatiwe klori, maana kipindupindu tunakijua hapa Goma. Asubuhi mwaga maji yote, tandaza mtama juu ya gunia safi, unene wa vidole viwili, funika kwa kitambaa chenye maji. Nyunyizia asubuhi na jioni, ukigeuza kwa mkono safi. Usiku wetu ni wa baridi, kwa hiyo ngoja siku tatu ao nne, mpaka mzizi upite kidogo urefu wa punje.

Mbegu inayoota inavuta hewa kama sisi. Usiifunge ndani ya bido, wala usiiweke shimoni. Wenyeji wa hapa hawahitaji kuelezwa mazuku: ile hewa nzito inalala mabondeni na kuua mbuzi, hata watu. Weka gunia juu ya meza, ndani ya nyumba.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa wengine wanaweza kuumiza mtoto. Mche mchanga wa mtama una sumu ya jamii ile ile ya muhogo mchungu. Ng'ombe akila mtama mchanga shambani anaweza kufa. Kwa hiyo machipukizi ya mtama hayaliwi mabichi, hata kama umesikia kwamba watu wanakula machipukizi ya mbegu nyingine. Anika juani mpaka punje ziwe kavu kabisa, sugua kwa mikono mpaka mizizi na miche yote ikatike, pepeta, tupa makapi mbali na mifugo. Ukiona ukungu ao kusikia harufu mbaya, tupa yote. Ninajua mtama una bei, lakini tupa.

Kisha peleka kwenye mashini ya kusaga. Siku ya kupika, tengeneza uji mzito wa masoso (mahindi, soja na mtama) kama kawaida. Uondoe motoni, uache upoe kidogo, maana uji unaotokota unaua amilazi kabla haijafanya kazi. Tia kijiko kimoja cha kimea, koroga. Kwa dakika chache utaona uji unalegea wenyewe. Halafu urudishe motoni uchemke tena vizuri. Usiruke hatua hii.

Unga unaobaki uwekwe katika kopo kavu lenye kifuniko. Ukianza kunuka uvundo, usiupe hata kuku.