Unasafiri na mtoto mchanga? Usimpe dawa ili alale

Kila Desemba, safari za mikoani zikianza, kina mama huniuliza kliniki: "Daktari, nimpe dawa ya mafua ili alale mpaka Bukoba?"

Jibu langu ni hapana. Dawa za mafua au mzio zinazoleta usingizi zinaweza kudhoofisha upumuaji wa mtoto mdogo. Promethazini haifai kabisa kwa aliye chini ya miaka miwili. Usiku ndani ya basi utadhani amelala tu, kumbe hapumui vizuri.

Kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 1,300, lazima atalia. Angalia kama ana njaa, joto, au nepi imelowa. Mvalishe nguo nyepesi na umnyonyeshe mara kwa mara. Aliye chini ya miezi sita maziwa yako yanamtosha, hata kwenye joto; usimpe maji.

Beba kadi ya kliniki, chandarua chenye dawa na ORS. Akiharisha, endelea kumnyonyesha na umpe ORS: pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Ikibaki baada ya saa 24, mwaga.

Kanda ya Ziwa ina malaria nyingi kuliko Dar. Akipata homa, apimwe siku hiyohiyo.

Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au akipata degedege, shukeni kwenye hospitali ya karibu. Kwa bibi mtafika hata kesho.