Peptidi mpya juu ya ngozi iliyochubuliwa

Kwenye boksi la krimu fulani za bei ghali utasoma "sh-Oligopeptide-1". Ni nakala ya protini ya mwilini inayochochea seli kukua, ile ambayo kuigundua kulimpa mwanasayansi Stanley Cohen Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Haikamuliwi kutoka kwa mtu: jeni yake huingizwa ndani ya bakteria, au ndani ya shayiri kama wafanyavyo Iceland, kisha protini huvunwa na kusafishwa. Isiposafishwa vizuri, mabaki ya bakteria yanaweza kuiwasha ngozi.

Wauzaji hututuliza kwamba protini hii haiingii mwilini. Kwa ngozi nzima, wana hoja. Mwaka 2000 watafiti Bos na Meinardi walieleza kuwa molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 500 hupenya kwa shida, na hii inafika daltoni 6,000 hivi. Ila ngozi nyingi huku kwetu Burundi si nzima tena, na hilo ndilo linalonitia hofu.

Mafuta ya kujichubua yanajulikana Gitega, na yanajulikana Muyinga, karibu na mpaka wa Kobero. Mengine yana klobetasoli, steroidi kali ambayo daktari huiandika kwa ukurutu sugu, tena kwa wiki chache. Ukiipaka kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi: mishipa myekundu inatokeza mashavuni, mapaja yanapasuka michirizi, mchubuko mdogo unachelewa kupona. Kanuni ya daltoni 500 haimlindi mwenye ngozi kama hiyo. China ililiona hilo. Januari 2019 mamlaka yake ilikataza protini hii katika vipodozi, ikisema kinga ya ngozi ikiharibika, madhara mengine yanaweza kujitokeza. Haijathibitishwa kwamba krimu hizi huleta saratani, lakini kichocheo cha kukuza seli hakipaswi kupakwa juu ya kidonda wala doa linalobadilika.

Peptidi nyingine za krimu ni fupi na nyepesi zaidi, kwa hiyo kila moja ipimwe kivyake.

Aliyetumia steroidi muda mrefu asiiache ghafla, kwani uso unaweza kuwaka na kuvimba; amwone daktari na aende na kopo lenyewe. Kama kopo linaonya lisigusane na dhahabu au fedha, huenda lina zebaki, sumu ya figo. Krimu hiyo asiipake tena hata siku moja, wala kopo asilitupe shimoni.