Kumbukumbu na Hifadhi: Maneno ya Kutafuta Hitilafu na Kuongeza Uwezo wa Kompyuta Mpakato

Utangulizi

Chombo kipya kiingiapo ofisini huja na maneno yake, na mara nyingi maneno hayo huanza kutumika kabla hayajapata kufikiriwa. Ndivyo ilivyotokea kwa kompyuta mpakato, ambayo wenzetu wa Kenya huiita pia kipakatalishi. Majina haya mawili yametokana na kitenzi kimoja, kupakata, nayo hayatupi shida, kwa kuwa asemaye moja na asemaye jingine wanakusudia kitu kimoja. Shida hutokea pale neno moja linapobeba vitu viwili. Katika makala haya tumekusudia kueleza maneno machache ya namna hiyo, yatumikayo wakati kompyuta mpya ya ofisi inapopata hitilafu au inapohitaji kuongezewa uwezo, na kupendekeza jinsi ya kuyatenganisha.

Kumbukumbu na hifadhi

Tuchukue mfano. Mtumishi amepewa kompyuta mpya yenye gigabaiti 8 za kumbukumbu na diski ya gigabaiti 256. Afunguapo kwa pamoja jedwali kubwa la hesabu, barua kadhaa na kurasa za intaneti, kompyuta inakuwa nzito. Anaiandikia idara ya ugavi: "Kompyuta hii ina kumbukumbu ndogo, naomba iongezwe." Mgavi, ambaye amezoea kuiita diski kumbukumbu, ananunua diski ya nje. Fedha imetumika, na kompyuta ni nzito vilevile. Hapana mzembe kati ya hao wawili. Lililowapoteza ni neno.

Sehemu hizo mbili zina kazi tofauti. Ya kwanza ni mfano wa meza ya karani: juu yake huwekwa majalada yanayoshughulikiwa saa hiyo tu, na kompyuta izimwapo, meza huwa tupu. Ya pili ni mfano wa masjala, ambamo majalada hukaa usiku na mchana, umeme uwepo usiwepo. Meza ikiwa ndogo, karani hupoteza wakati wake akienda masjala na kurudi. Kuongeza makabati masjala hakuikuzi meza yake.

Kwa hiyo tunapendekeza neno kumbukumbu liachiwe sehemu ya kwanza peke yake, na sehemu ya pili iitwe hifadhi. Neno hili lina faida moja kubwa, kwamba kitenzi chake, kuhifadhi, kimekwisha kuzoeleka kwa tendo la kuiweka kazi isipotee. Umuhimu wa kutenganisha huonekana katika masharti ya mfumo endeshi wa Windows 11, ambao huhitaji angalau gigabaiti 4 za kumbukumbu na gigabaiti 64 za hifadhi. Mfasiri akiandika "kumbukumbu" mara mbili katika sentensi hiyo, msomaji atadhani kuna kosa la chapa.

Anayeomba kumbukumbu iongezwe hana budi pia kutaja aina yake. Kumbukumbu za DDR4 na DDR5 hazibadilishani. Pengo lililo ukingoni mwa kila kipande limewekwa mahali tofauti ili kisiingie pasipo pake. Aidha, katika kompyuta nyingine kumbukumbu imelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi kuu, na hapo hakuna cha kuchomoa wala cha kuongeza. Jambo hili lafaa kuulizwa kabla ya kununua kompyuta yenyewe.

Gigabaiti zilizopungua

Lalamiko jingine la mwenye kompyuta mpya ni kwamba amepunjwa: ameuziwa hifadhi ya gigabaiti 256, lakini kioo chaonyesha 238. Hakupunjwa. Kiwanda huhesabu kwa makumi, na kwake gigabaiti moja ni baiti 1,000,000,000. Windows huhesabu kwa mirudufu ya mbili, na kwake kipimo hicho ni baiti 1,073,741,824. Wingi ni ule ule, ila kibaba ni tofauti. Mwaka 1998 Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme ilikipa kibaba cha pili jina lake, gibibaiti, lakini Windows imeendelea kukiandika kwa jina la kile cha kwanza. Mwalimu afundishapo vipimo hivi na atumie majina yote mawili. Kwa hesabu moja ya ubaoni atawaondolea wanafunzi wake shaka ya miaka mingi.

"Haiwaki"

Katika taarifa za hitilafu hakuna neno litumikalo zaidi ya haiwaki, wala hakuna limwambialo fundi machache zaidi. Neno hili tumelirithi kutoka kwa taa, ambayo ina hali mbili tu. Kompyuta ina zaidi ya hizo, na tunapendekeza taarifa itumie mojawapo ya sentensi tatu zifuatazo.

(a) Kompyuta haipokei umeme. Hakuna taa yoyote inayoonekana. Hapa huanza kuchunguzwa soketi ya ukutani, chaja na waya wake, kisha betri.

(b) Kompyuta inapokea umeme, lakini kioo ni cheusi. Taa zinaonekana, pengine na feni inasikika. Hali hii ikitokea mara baada ya kuongeza kumbukumbu, aghalabu kipande hakikukaa sawasawa mahali pake. Hata hivyo, katika kompyuta za DDR5 yafaa kusubiri dakika kadhaa, kwa kuwa zinapowashwa mara ya kwanza baada ya badiliko hilo huipima kumbukumbu mpya kabla ya kuonyesha chochote. Anayeharakisha kuizima huikatiza kazi hiyo.

(c) Nembo ya kiwanda inaonekana, lakini mfumo endeshi hauanzi. Hapa shaka huelekea kwenye hifadhi au kwenye mfumo endeshi wenyewe, wala si kwenye chaja.

Sentensi hizi ni ndefu kuliko neno moja. Lakini fundi aliye mbali na ofisi, akizisoma, atajua ni kipuri gani achukue kabla hajaanza safari.

Kusasisha na kuongeza uwezo

Neno kuboresha hutumika leo kwa mambo matatu: kuitia programu marekebisho mapya, kuhamia toleo jingine la programu, na kubadili au kuongeza vipuri. Matatu haya hutofautiana kwa gharama na kwa mwenye mamlaka ya kuyafanya. La kwanza twaliita kusasisha, neno lililokwisha kukubalika. La pili tuseme kuhamia toleo jipya. La tatu tuseme kuongeza uwezo, na lifuatiwe na jina la sehemu husika: kuongeza uwezo wa kumbukumbu, kuongeza uwezo wa hifadhi.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Ofisi iliyosambaza waraka ikiwataka watumishi "waboreshe kompyuta zao" haikuwaambia la kufanya. Wako waliosasisha Windows 10 na kuridhika, ilhali kilichotakiwa ni kuhamia Windows 11. Wako pia wenye kompyuta zisizokuwa na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho toleo hilo hukidai. Kwao hata kusasisha kila siku kusingalifaa kitu.

Hatari ya neno "kurejesha"

Tumeliweka mwisho neno lenye hatari kuliko yote. Kurejesha hutumika kwa kuyapata tena mafaili yaliyopotea. Neno hilo hilo hutumika kwa kuirudisha kompyuta katika hali iliyokuwa nayo ilipotoka kiwandani, tendo ambalo huweza kuyafuta mafaili yote ya mtumiaji. Mtu aliyepoteza taarifa ya mwaka, akiona kioo kimemwandikia "Rejesha", atabonyeza kwa furaha na kupoteza hata zile zilizosalia.

Tunapendekeza maana ya kwanza iitwe kuokoa mafaili. Ya pili iitwe kufuta na kuanza upya, ingawa ni maneno mengi, kwa sababu istilahi ya tendo lisiloweza kutenguliwa inapaswa kubeba onyo ndani yake. Ni kweli kwamba Windows humwachia mtumiaji nafasi ya kubakiza mafaili yake, lakini hata hapo programu alizojiwekea huondolewa. Kwa hiyo neno kufuta bado lina haki yake. Wala matendo haya mawili yasichanganywe na kuwasha upya, ambako hupoteza tu kazi ambayo haijahifadhiwa.

Hitimisho

Kwa muhtasari, tunapendekeza matumizi yafuatayo:

Kumbukumbu: mahali pa kazi inayoendelea; hubaki tupu umeme uondokapo.
Hifadhi: mahali pa kudumu pa mafaili na programu.
Kusasisha: kuitia programu marekebisho ya toleo lile lile.
Kuhamia toleo jipya: kuacha toleo moja la programu na kuchukua jingine.
Kuongeza uwezo: kubadili au kuongeza kipuri.
Kuokoa mafaili: kuyapata tena mafaili yaliyopotea.
Kufuta na kuanza upya: kuirudisha kompyuta katika hali ya kiwandani.

Maneno haya yote ni ya kawaida, na hatukubuni hata moja. Tulilofanya ni kulipa kila moja mpaka wake. Mfasiri ayatumiapo katika mwongozo, mwalimu darasani, na mtumishi katika hati ya maombi, itafaa wote watatu wayatumie kwa maana moja. Maana hati ya maombi husomwa na mtu mwingine, katika chumba kingine, na asomaye hana njia ya kumwuliza mwandishi alikusudia nini kabla ya kulipa.