Maji, Imani na Wokovu: Tofauti za Wakristo kuhusu Ubatizo kwa Kurejelea Misheni za Pemba

Kisiwa cha Pemba hakitajwi mara kwa mara katika maandiko ya teolojia ya Kikristo. Wakazi wake wengi mno ni Waislamu, na katika eneo kama Mtambile, wilayani Mkoani, ubatizo ni jambo la kusikika zaidi kuliko kuonekana. Hata hivyo, mwishoni mwa karne ya 19 kisiwa hiki kilikutanisha misimamo miwili ya Kikristo iliyo mbali kabisa juu ya swali moja: je, maji yanahitajika ili mtu aokoke?

Mwaka 1897, mwaka uleule ambao hadhi ya kisheria ya utumwa iliondolewa Unguja na Pemba, Marafiki wa Uingereza, waitwao pia Quaker, walianza kazi yao kisiwani. Kituo chao kilikuwa Banani, karibu na Chake Chake. Waanglikana wa Misheni ya Vyuo Vikuu (UMCA), waliokuwapo Unguja tangu 1864, nao walifika Pemba. Misheni zote mbili zilishughulika na watu waliotoka utumwani.

Marafiki hawabatizi kwa maji. Hoja yao, iliyopangwa kwa kina na Robert Barclay katika karne ya 17, ni kwamba ubatizo mmoja wa Waefeso 4:5 ni ule wa Roho, na ule wa Yohana ulikuwa kivuli chake tu. UMCA, yenye mwelekeo wa Kikatoliki ndani ya Uanglikana, ilisimama juu ya Yohana 3:5 na Tito 3:5: maji na Roho havitenganishwi, na katika sakramenti Mungu mwenyewe humzaa mtu upya. Kwa hiyo, aliyehesabiwa na Marafiki kuwa ndugu kamili katika imani alikuwa, mbele ya kasisi wa UMCA, mtu ambaye hajabatizwa bado na asiyeweza kuikaribia Meza ya Bwana. Kwa aliyeachwa huru bila ukoo wala ardhi, ambaye kanisa ndilo lililokuwa jamaa yake, tofauti hiyo haikuwa ya vitabuni.

Mjadala unaosikika zaidi Tanzania, ule wa “maji mengi” na “maji machache”, huficha kiini hiki. Jambo la msingi si kina cha maji bali ni nani atendaye. Ikiwa ni Mungu atoaye neema, mtoto mchanga aweza kupokea asichoweza kukiomba. Ikiwa ni mwanadamu ashuhudiaye imani aliyo nayo tayari, mtoto hana cha kushuhudia. Ndiyo maana Mbaptisti hukataa kuambiwa kwamba anabatiza “mara ya pili”: kwake, tendo la utotoni halikuwa ubatizo.

Msomi wa Mtambile aliyelelewa katika madhehebu ya Shafii anaweza kuukaribia mgogoro huu kupitia dhana ya nia. Udhu bila nia hausihi, na anayesilimu huingia kwa shahada. Mlinganisho huo humsogeza karibu na Mbaptisti, lakini haumfikishi kwa Mwanglikana wa UMCA, ambaye kwake neema humtangulia mpokeaji.

Wanaoyashikilia maji nao hawakuufunga mlango. Mukasa Kiriwawanvu, aliyeuawa Namugongo mwaka 1886 angali mkatekumeni, alitangazwa mtakatifu mwaka 1964 pamoja na wenzake 21. Kanisa Katoliki hukiita kifo cha namna hiyo ubatizo wa damu. Rafiki angeuliza: ikiwa Mungu hafungwi na maji, kwa nini binadamu afungwe? Jibu la Kikatoliki, ambalo lina nguvu kuliko linavyodhaniwa, ni kwamba aliyeamriwa ndiye afungwaye na amri, si mwamuru.

Mwaka 1913, katika mkutano wa misheni uliofanyika Kikuyu, Kenya ya leo, mpango wa shirikisho ulitaka ubatizo na Meza ya Bwana vitolewe kwa alama za nje. Sharti hilo halikupatana na imani ya Marafiki, waliokuwa Kaimosi tangu 1902. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliupinga mpango huo kutoka upande mwingine kabisa: kwake, hata ubatizo halali haukutosha kumkaribisha mezani asiyethibitishwa na askofu.