Metali na Ibilisi: Mwalimu, Sikiliza Kabla ya Kuhukumu

Wahenga walinena kwamba ngoma ikilia sana hupasuka. Ngoma ya muziki wa hevi metali imevuma tangu Februari 1970, bendi ya Black Sabbath ya Birmingham, Uingereza, ilipotoa sahani yake ya kwanza, na hadi leo haijapasuka. Hapa Nairobi, toka katikati ya jiji hadi Westlands, Kangemi na Kawangware, wapo walioupenda muziki huo tangu ujana na ambao sasa wameota mvi. Mimi ni mmoja wao, na leo nina neno kwa walimu na wanafunzi.

Muziki huu haukuzaliwa kuzimu, ulizaliwa penye viwanda. Mpiga gitaa wa Black Sabbath, Tony Iommi, alikuwa kijana wa miaka 17 mashine ya kiwandani ilipomkata ncha za vidole viwili. Hakulitupa gitaa. Alijiundia vifuniko vya plastiki, akavivika vidole, na baadaye akazilegeza nyuzi ili zisimwumize. Sauti ikashuka, ikawa nzito. Yeyote aliyepita Kamukunji na kuwasikia mafundi wa jua kali wakiponda mabati ataitambua sauti hiyo.

Utamu wa muziki huu umo katika kuusaka. Ndani ya matatu za nambari 46 ziendazo Kawangware abiria wote walijua rege na rapu, lakini mpenzi wa metali alikuwa mkiwa. Kanda moja, iliyonakiliwa mara nyingi hata ikakwaruza, ilipita mikono kumi. Ukibahatika kupata kanda halisi, uliisoma karatasi yake ya ndani mpaka pale bendi ilipozishukuru bendi nyingine, na kila jina jipya likawa njia ya kufuata. Hakuna aliyetutuma. Tulijituma wenyewe, na hiyo ndiyo tabia ambayo kila mwalimu hutamani kuiona kwa mwanafunzi wake.

Tena njia hizo zilitufikisha maktabani. Mwaka wa 1984 bendi ya Iron Maiden ilitoa wimbo wa zaidi ya dakika 13 uliojengwa juu ya utenzi wa baharia mzee, ambao mshairi Samuel Taylor Coleridge aliuchapisha mwaka wa 1798. Mwaka huo huo Metallica walitoa wimbo uliotokana na riwaya ya Ernest Hemingway kuhusu vita vya Uhispania. Wako vijana waliovitafuta vitabu hivyo kwa kuongozwa na gitaa.

Lakini nyakati zilikuwa za hofu. Mwaka wa 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, na mwaka wa 1999 ripoti yake ikafikishwa bungeni. Katika hali hiyo, mwanafunzi aliyevaa fulana nyeusi yenye picha ya fuvu alitazamwa kwa jicho la pembe, akaombewa kabla ya kuulizwa.

Sisemi kwamba hofu hiyo haikuwa na chanzo. Zipo bendi zinazomtaja shetani kwa makusudi, na huko Norwe, mapema katika miaka ya 1990, baadhi ya wanamuziki wa tawi moja la metali walichoma makanisa, wakafungwa. Hata hivyo, samaki mmoja akioza si haki kumwaga tenga zima.

Tazama tenga hilo limetuletea nini. Mwaka wa 2020 vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa albamu iitwayo Duma, waliyoirekodi Kampala. Kwa Kiswahili duma ni mnyama mwenye mbio, bali wao walilichukua neno hilo kutoka Gikuyu, kwa maana ya giza. Mwaka wa 2024 Khanja, ajiitaye Lord Spikeheart, alitoa albamu yake mwenyewe na kuitunuku nyanya mzaa babu zake, Muthoni, Field Marshal wa Mau Mau aliyekaa msituni hadi Uhuru wa 1963 na kufariki mwaka wa 2023. Kelele tulizoambiwa ni za kigeni zimemfikisha kitukuu kwenye kumbukumbu ya msitu wa wazee wake.

Kwa hiyo, mwalimu, ukimkuta mwanafunzi amejitenga na muziki usiouelewa, keti naye umwulize anasikia nini humo na amejifunza nini. Kama ni upotovu, utaujua kwa kusikiliza, na maonyo yako yatakuwa na uzito. Kama ni kiu ya kujua, utakuwa umeiokoa. Nawe mwanafunzi, kipende ukipendacho, lakini kichimbue hadi mzizi, uweze kukitetea kwa hoja. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.