Lamivudini: shanga isiyo na kitanzi

Katika kliniki za tiba na matunzo za Kilosa na Mikumi, kama kwingineko nchini, watu wazima wengi wanaoishi na VVU hutumia kidonge kimoja kwa siku. Ndani yake mna tenofoviri miligramu 300, lamivudini miligramu 300 na dolutegraviri miligramu 50. Mchanganyiko huo ulianza kutumika Tanzania mwaka 2019. Makala haya yanaieleza lamivudini, kwa kuwa ina kazi mbili, na asiyeijua ya pili anaweza kuliponza ini lake.

Nukleosidi ni muungano wa besi na sukari ambao mwili huutumia kujengea vinasaba, mfano wa shanga zinazotungwa moja baada ya nyingine. Kila shanga ina kitanzi cha kushikia inayofuata. Lamivudini inafanana na nukleosidi ya asili iitwayo sitidini, ila katika sukari yake kaboni moja imeondolewa na nafasi hiyo kushikwa na salfa. Kwa badiliko hilo, kitanzi hakipo. Dawa ikiingia katika seli huongezewa fosfeti tatu. Kirusi huidhania shanga halisi, huitunga, na utungo hukomea hapo. Vimeng'enya vya binadamu haviipokei kwa urahisi, ndiyo maana wengi huivumilia vizuri.

Kirusi cha homa ya ini B nacho hujinakili kwa kimeng'enya cha jamii hiyohiyo. Kwa hiyo lamivudini, pamoja na tenofoviri, huvizuia virusi vyote viwili. Hapo ndipo penye hatari: mwenye maambukizi yote mawili akiacha dawa ghafla, virusi vya ini huweza kuibuka upya kwa kishindo, macho yakawa manjano, na ini likashindwa kazi. Kila anayeanza dawa hizi na apimwe homa ya ini B.

Mazingira yetu yanadai tahadhari. Mto Mkondoa unapofurika, njia za Kilosa hukatika. Nao madereva wa barabara kuu ya Zambia inayopita Mikumi hukaa safarini siku nyingi. Omba dawa ya akiba kabla ya masika au safari, na tembea na kadi yako ya kliniki.

Vidonge vihifadhiwe chini ya nyuzijoto 30, mahali pakavu, mbali na watoto. Kioo cha mbele cha gari na bati la paa ni maadui wa dawa. Viache katika kopo lake, kifuniko kimefungwa, na usitupe kifuko kidogo cha kunyonya unyevu kilichomo.

Ukisahau dozi, imeze ukumbukapo. Muda wa inayofuata ukiwa umekaribia, usimeze mbili pamoja. Lamivudini hutoka mwilini hasa kwa njia ya figo, hivyo mwenye ugonjwa wa figo amweleze mtabibu ili kipimo kirekebishwe.

Mwisho, usimgawie mwenzako dawa, hata kama anaumwa ini. Lamivudini ikitumiwa peke yake, virusi huizoea upesi, na asiyejua kuwa ana VVU hujifungia mlango wa tiba. Mlete kliniki apimwe.